Chunusi: zinavyoanza, aina zake na matibabu ya wiki 12

Mtaje chunusi mbele ya mtu wa pwani na huenda akawaza vitu viwili: kipele cha usoni, au yule jini wa majini anayesemwa huwavuta waogeleaji. Vyote viwili huanzia chini, pasipoonekana. Kipele unachokiona kwenye kioo leo asubuhi kilianza kujengeka ndani ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, mara nyingine hata wiki 8. Ndiyo maana dawa ya chunusi ya siku tatu haipo, na ndiyo maana anayebadilisha krimu kila wiki haponi: kila dawa anaiacha kabla haijafika kwenye kazi yake. Ratiba iliyo hapa chini ni ya wiki 12 kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani ya kitundu kimoja

Kila unywele wa usoni, hata ule laini usioonekana, umeota kwenye kitundu chake, na kando ya kitundu hicho kuna tezi inayotengeneza mafuta ya ngozi. Usoni, kifuani, mabegani na mgongoni juu tezi hizi ni kubwa na nyingi. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa, na huko hutaona chunusi hata siku moja.

Mambo manne hukutana ndani ya kitundu hicho, na kila dawa ya maana inalenga mojawapo au zaidi. La kwanza ni mafuta kuzidi. Tezi hutii homoni za kundi la androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo, na wakati wa balehe hupanda. La pili ni kizibo: seli zilizokufa, ambazo zilipaswa kupukutika moja moja, hushikana, zikachanganyika na mafuta na kuziba njia. La tatu ni bakteria aitwaye Cutibacterium acnes (vitabu vya kabla ya 2016 vinamwita Propionibacterium acnes), anayestawi nyuma ya kizibo kwa sababu anapenda mafuta na hewa haba. Bakteria huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, hivyo chunusi haziambukizwi kwa busu wala kwa mto wa kulalia. La nne ni mwili wenyewe kupigana, na hapo ndipo unapata uvimbe, joto, maumivu na usaha.

Uchafu haumo kwenye orodha hiyo. Vile vidoa vyeusi vya puani si vumbi. Ni kizibo kilicho wazi juu, na weusi wake ni rangi ya ngozi iliyokutana na hewa. Kusugua kwa dodoki hakuking'oi, ila kunachubua ngozi na kuamsha lile jambo la nne. "Damu chafu" nayo haihusiki, wala kukosa ndoa. Kijana anayeambiwa zitaisha akioa mara nyingi hupona kweli, kwa kuwa anaoa akiwa na miaka ishirini na kitu, umri ambao chunusi za wengi hupungua hata kwa waliobaki makapera.

Vinavyozichochea

Urithi una nguvu kuliko kitu kingine chochote. Kama baba na mama walikuwa na chunusi nzito zilizoacha makovu, mtoto wao aanze matibabu mapema, asisubiri "zitaisha zenyewe".

Kwa wanawake, chunusi zinazokaa kidevuni na kwenye mstari wa taya na kuongezeka siku chache kabla ya hedhi zinaelekeza kwenye homoni. Kama hedhi nayo inaruka miezi, na nywele nene zinaota kidevuni au tumboni, mwone daktari kwa vipimo vya ovari na homoni; krimu peke yake haitatosha. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na kijiti vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake. Vidonge vyenye homoni mbili kwa kawaida huzipunguza.

Dawa nyingine zinazoleta vipele vya aina hii ni prednisoloni, fenitoini ya kifafa, lithiamu, homoni za kujenga misuli zinazouzwa kwenye majimu, na isoniazidi inayotumika kwa kifua kikuu. Ukiwa kwenye dozi ya TB na uso ukajaa vipele, usiache dozi. Rudi kliniki useme. Chunusi zina dawa, TB iliyokatishwa ni balaa.

Mafuta ya nywele yana kosa lake la pekee, na lina alama: vipele vidogo vidogo vilivyopangana paji la uso, pembeni mwa masikio na shingoni nyuma, mahali pale pale mafuta yanapotiririkia. Mafuta mazito ya mgando, mafuta ya nazi, siagi ya kakao na jeli za kusukia hufanya hivyo. Paka mafuta kuanzia katikati ya nywele kwenda nchani, acha sentimita 2 kutoka kwenye mstari wa nywele, na ukilala funga kilemba ili mto usinyonye mafuta na kuyarudisha shavuni.

Msuguano nao unahusika: kamba ya helmeti kwa dereva wa bodaboda, barakoa, mkanda wa begi. Osha kamba hiyo kila baada ya siku mbili tatu.

Kuhusu chakula, ushahidi ulio imara zaidi uko upande wa vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka: soda, juisi za kununua, mikate myeupe, maandazi. Maziwa yanatajwa pia, kwa ushahidi hafifu zaidi, na unga wa protini ya maziwa wanaokunywa wanyanyua vyuma. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kuwa kati ya watu wapatao 1,200 waliowachunguza kisiwani Kitava, Papua New Guinea, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, hawakuona hata mmoja mwenye chunusi. Inavutia, lakini urithi wao na maisha yao yote ni tofauti, kwa hiyo usiutumie utafiti huo kumlaumu mtoto kwa kula andazi. Punguza soda kwa wiki 12 uone; ukiona mabadiliko, endelea. Karanga na pilipili zimesingiziwa.

Usome uso wako kabla ya kwenda famasi

Simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa umeoshwa na bila kitu, uangalie una nini hasa.

Vichwa vyeupe ni vijipele vidogo vya rangi ya ngozi, visivyouma, vinavyoonekana vizuri ukinyoosha ngozi kwa vidole. Vichwa vyeusi ni vile vya puani na kidevuni. Hivi viwili ni vizibo vitupu, bado hakuna vita. Vipele vigumu vinavyouma ukigusa, visivyo na usaha, ni hatua inayofuata. Kwenye ngozi nyeupe huwa vyekundu, kwenye ngozi nyeusi huonekana kama hudhurungi iliyokolea au zambarau, na wengi huvidharau kwa kuwa "havijawa vyekundu". Vyenye ncha ya usaha vinajulikana. Kisha kuna mavimbe: uvimbe mkubwa kama punje ya harage au zaidi, uliozama chini, unaouma hata ukilalia shavu. Mengine huwa vifuko vilivyojaa majimaji, na mengine huungana chini kwa chini kama mashimo ya fuko.

Vizibo vichache na vipele vidogo visivyozidi kumi na tano hivi ni chunusi nyepesi. Hizo unaweza kuanza kuzitibu mwenyewe. Vipele vingi usoni pamoja na mgongoni au kifuani ni za kati. Anza mwenyewe lakini jiandae kwa vidonge. Mavimbe, hata manne matano, au makovu yaliyokwisha kuanza, ni chunusi kali. Usipoteze hizo wiki 12, nenda kwa daktari wa ngozi moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa anayepata chunusi za ghafla zinazotoka vidonda, pamoja na homa na maumivu ya viungo: huyo aende leo.

Kuna vipele vinavyojifanya chunusi. Vinavyowasha sana, vyote vya ukubwa mmoja, paji la uso, kifuani na mgongoni, mara nyingi ni fangasi wa kwenye vitundu vya nywele, na antibiotiki huwazidisha. Hivyo hutulizwa kwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ipakwe kwenye ngozi, iachwe dakika 5 hadi 10 kisha ioshwe. Vipele vya ndevu, kidevuni na shingoni kwa mwanaume, ni nywele zilizojikunja zikaingia tena kwenye ngozi. Dawa yake kubwa iko kwa kinyozi: acha kunyoa wiki 4, kisha tumia mashine inayobakiza angalau milimita 1, usivute ngozi, usirudie kinyume cha uelekeo wa nywele. Vinundu vigumu kisogoni havifai kuachwa hata mwezi, kwa sababu huishia kuwa makovu makubwa yaliyovimba.

Hapo hapo kwa kinyozi, kataa skrabu na mvuke vinavyofuata baada ya kunyolewa. Punje za skrabu juu ya ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe ni msasa juu ya kidonda.

Mkorogo, na krimu ya "madoa"

Sura hii imekaa kabla ya ratiba kwa makusudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyuso zinazoshindikana zimepita hapa. Mtu ana chunusi. Zinapona, zinaacha madoa meusi. Muuzaji wa vipodozi anampa krimu ya kuondoa madoa, au kopo la mkorogo aliochanganya mwenyewe. Baada ya wiki mbili uso unang'aa na hata chunusi zimelala. Anasifiwa. Anaendelea.

Kilichofanya kazi ni klobetasoli au betamethasoni, dawa za steroidi zenye nguvu, zinazozima uvimbe wowote haraka. Baada ya miezi michache ngozi inakuwa nyembamba, jua linaichoma, mishipa midogo inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na vipele vipya vinatoka vikiwa vya umri mmoja, kama mbegu zilizopandwa siku moja. Akiacha ghafla, uso unalipuka na kuwaka moto ndani ya siku chache. Anadhani ile krimu ndiyo dawa, anairudia. Huo ndio mtego.

Mikorogo mingine ina zebaki, inayodhuru figo na inayoweza kumfikia mtoto anayebebwa kifuani, au hidrokwinoni kali, ambayo ikitumika miaka hugeuza mashavu kuwa na weusi wa bluu usiotoka. Kagua lebo: jina lolote linaloishia na "-soni" (kwa Kiingereza "-sone") au lenye "klobeta-" ("clobeta-") au "betametha-" ndani yake halifai kupakwa usoni kwa ajili ya chunusi. Krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kwenye tyubu moja ni zile zile. Kopo lisilo na lebo hujui lina nini, liache.

Kama tayari umo ndani, usianze ratiba ifuatayo peke yako. Mwone daktari, mpelekee kopo. Wengi hushushwa taratibu kutoka steroidi kali kwenda nyepesi huku wakipewa vidonge vya kutuliza uvimbe. Inachukua miezi, na mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote.

Ratiba ya wiki 12

Unahitaji vitu vitano: sabuni laini ya uso isiyo na harufu kali, losheni nyepesi isiyoziba vitundu, krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, na jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 (ukiikosa, 5). Majina kwenye tyubu yameandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Asilimia 10 ya benzoili peroksaidi haiponyi zaidi ya 2.5, inachoma zaidi tu.

Adapaleni inalegeza kizibo na kuzuia kipya. Benzoili peroksaidi inaua bakteria kwa oksijeni, na bakteria hajajifunza kuihimili kama anavyojifunza kwa antibiotiki. Ndiyo jozi inayofaa kwa chunusi nyepesi karibu zote.

Anza na majaribio: paka kidogo chini ya taya upande mmoja, usiku tatu mfululizo. Ngozi ikivimba au kutoa malengelenge, hiyo si yako.

*Kuosha.* Asubuhi na usiku, na baada ya jasho jingi. Maji ya vuguvugu, vidole vitupu, sekunde 30 hadi 60, kisha gandamiza taulo bila kusugua. Sabuni ya mche ya kufulia haifai usoni: ngozi ina asidi kidogo, pH yake ni kama 5, na sabuni hizo zinafika 9 au 10, zinang'oa kinga yote. Uso "unaolia" kwa usafi baada ya kuoshwa umeumizwa.

*Wiki ya 1 na 2.* Adapaleni usiku mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Osha, subiri dakika 20 uso ukauke kabisa, kwa kuwa kwenye ngozi yenye maji adapaleni huwasha zaidi. Paka vaselini kidogo kwenye pembe za macho, za pua na za midomo. Kamua jeli kiasi cha punje moja ya njegere. Hicho ni kiasi cha uso mzima. Gawa nukta tano: paji, shavu, shavu, pua, kidevu, kisha sambaza hadi isionekane. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuipaka juu ya kipele peke yake: kipele hicho kimeshatoka, wakati dawa inatafuta vile ambavyo bado havijaonekana jirani yake. Malizia na losheni. Usiku mwingine losheni tu.

*Wiki ya 3 na 4.* Adapaleni usiku mmoja, unaruka mmoja. Asubuhi ongeza benzoili peroksaidi, safu nyembamba sehemu zenye chunusi, siku moja ndiyo, moja hapana. Itafifisha rangi ya kila kitambaa inachogusa: kola ya shati, taulo, kanga ya thamani. Osha mikono, acha ikauke kabla ya kuvaa, na tumia foronya nyeupe.

*Wiki ya 5 hadi 12.* Adapaleni kila usiku, benzoili peroksaidi kila asubuhi. Ngozi ikikauka na kubanduka, rudi hatua moja nyuma kwa wiki moja, halafu jaribu tena. Mwenye ngozi kavu apake losheni kabla na baada ya adapaleni.

*Jua.* Kila asubuhi, juu ya vyote, krimu ya kukinga jua: mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha, kwa uso na shingo. Ukishinda nje, rudia kila saa mbili. Wengi huambiwa ngozi nyeusi haihitaji. Kwa kansa hatari kweli ni ndogo zaidi, ila madoa ya chunusi hukolezwa na jua, na hata na mwanga wa kawaida unaoonekana. Krimu zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksaidi ya chuma, huzuia na huo mwanga, na hazikuachi uso wa majivu.

Kati ya wiki ya 2 na ya 6 chunusi zinaweza kuongezeka. Vizibo vilivyokuwa chini vinasukumwa juu. Ni hapa ndipo wengi hutupa tyubu. Piga picha siku ya kwanza na kila baada ya wiki 4, dirisha lile lile, saa ile ile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi tofauti. Ukifika wiki ya 12 vipele vikiwa vimepungua kwa nusu, umefaulu: endelea na adapaleni usiku kwa miezi mingi, kwa kuwa ukiacha, vizibo vinarudi kimyakimya.

Mgongo haufikiki kwa njegere. Tumia sabuni ya maji yenye benzoili peroksaidi asilimia 5: paka, acha dakika 2 hadi 5, suuza vizuri.

Ukikosa adapaleni, asidi ya salisiliki ya asilimia 2 inasaidia vizibo, kwa nguvu ndogo zaidi. Tretinoini ya asilimia 0.025 ni mbadala mzuri, lakini ipakwe usiku tu, mbali na benzoili peroksaidi, kwani mwanga na hiyo dawa vyote huiharibu.

Dawa ya meno, limao, magadi: hapana. Limao likikutana na jua linaunguza na kuacha doa baya kuliko chunusi yenyewe. Singo na liwa ni vizuri kwa ngozi nzima isiyo na vipele. Lakini singo ni ya kusugua, na kipele cha usaha hakisuguliwi. Bibi harusi mwenye chunusi afanyiwe singo mwilini, uso aachiwe.

Na kutumbua? Ukiminya, nusu ya usaha hutoka nje na nusu hupasukia ndani, na hiyo ya ndani ndiyo inayoleta kovu. Kipele kikishaiva, kikande kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi kwa dakika 10, mara tatu kwa siku, kijifungue chenyewe. Eneo la kuanzia juu ya pua hadi pembe za midomo usiliminye kamwe: mishipa yake ya damu inawasiliana na ile ya ndani ya fuvu, na maambukizi kupanda huko, ingawa ni nadra, huua.

Vidonge

Doksisaiklini, wengi wanaijua kama kinga ya malaria ya wasafiri. Kwa chunusi za kati, daktari huandika miligramu 100 mara moja kwa siku, kwa miezi 3 au 4, siyo zaidi. Haitolewi peke yake: benzoili peroksaidi na adapaleni vinaendelea, ama sivyo bakteria huzoea na chunusi hurudi mara dozi inapoisha. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, na usilale kwa angalau nusu saa. Kidonge kikikwama kooni kinachimba kidonda. Usimeze pamoja na maziwa, dawa ya kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, vitaizuia isiingie mwilini. Jua litakuchoma upesi zaidi. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 hawapewi kwa ajili ya chunusi.

Klindamaisini ya kupaka, asilimia 1, inauzwa sana na kupakwa peke yake. Ni kosa lile lile. Iende na benzoili peroksaidi, na isitumike pamoja na antibiotiki ya kumeza.

Kwa wanawake wenye chunusi za taya kuna vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vinavyohitaji miezi 3 hadi 6 kuonyesha kazi na visivyofaa kwa mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli. Spironolaktoni, miligramu 50 hadi 100 kwa siku, ni njia nyingine, chini ya daktari.

Isotretinoini ndiyo dawa nzito kuliko zote. Inasinyaza tezi yenyewe, na imetumika Marekani tangu 1982. Dozi ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo ya mwili kwa siku, mpaka jumla ifike miligramu 120 hadi 150 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji jumla ya miligramu 7,200 hadi 9,000. Akimeza 40 kwa siku, hiyo ni siku 180 hadi 225. Humezwa na chakula chenye mafuta. Midomo itakauka karibu kwa kila mtu, na damu hupimwa ini na mafuta kabla ya kuanza na njiani.

Inaharibu vibaya mimba, hata kwa dozi chache. Mwanamke anapimwa mimba kabla, anatumia uzazi wa mpango wa uhakika tangu mwezi mmoja kabla, kipindi chote, na mwezi mmoja baada. Atakayekuuzia bila kuuliza lolote kati ya hayo hajui anachouza. Usimgawie ndugu kidonge, usichangie damu mpaka mwezi upite.

Mjamzito aache adapaleni, tretinoini, doksisaiklini na spironolaktoni pia. Anabaki na asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, na benzoili peroksaidi kwenye eneo dogo.

Doa si kovu

Pitisha kidole juu yake macho ukiwa umefumba. Usipohisi kitu, ni doa: rangi tu, itaondoka kwa miezi, au zaidi ya mwaka kama ilizama. Asidi ya azelaiki asubuhi na usiku inatibu doa na chunusi kwa pamoja, na ndiyo dawa ambayo wenye ngozi nyeusi wangepaswa kuijua kabla ya krimu nyingine yoyote ya madoa. Adapaleni nayo inasaidia, lakini bila kinga ya jua zote mbili zinateka maji kwa pakacha.

Ukihisi shimo au mwinuko, ni kovu, na hakuna krimu inayolijaza. Mwinuko, hasa kifuani, mabegani na tayani, unaweza kuwa keloidi. Hutibiwa kwa sindano ya triamsinoloni ndani yake, na mapema ni bora. Mashimo hutengenezwa na daktari baada ya chunusi kutulia. Kwa ngozi nyeusi, kutoboa kwa visindano vidogo kuna hatari ndogo ya kuacha madoa kuliko leza nyingi, kwa hiyo uliza kwanza mashine hiyo imetumika kwenye ngozi kama yako mara ngapi.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache Afrika Mashariki, lakini kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa. Ulizia kliniki ya ngozi kabla ya kusafiri hadi jiji kubwa. Siku ya kwenda usipake poda wala losheni. Chukua picha zako za kila wiki 4, kadi ya uzazi wa mpango kama unayo, na tyubu zote ulizowahi kupaka, likiwemo lile kopo lisilo na lebo.